Suti ya Karani Mwakio

Nyinyi vijana wa hapo Kiembeni mnaotia nguo ndani ya mashine, mkafunga kale kamlango ka kioo na kwenda kunywa chai, nawapenda sana, lakini msiniambie mmechoka. Mimi nimepiga pasi miaka arobaini na kitu, na mpaka leo mkono wangu wa kulia ni mnene kuliko wa kushoto. Mjukuu wangu, ambaye ni mmoja wenu, ameniomba niwaandikie mambo ya udobi wa zamani, hasa namna tulivyokuwa tukitoa madoa. Nitaandika madoa. Lakini jana nilisikia saksafoni ya kale redioni, miguu ikaanza yenyewe chini ya meza, na sasa madoa yatangoja, kwa sababu kuna jioni moja ya Changamwe nisipoiandika leo nitapasuka.

Kwanza mjue pasi yangu. Ilikuwa pasi ya mkaa, nzito, yenye jogoo wa chuma kwenye kifungio chake, na sikuinunua. Alinipa Mzee Shee, dobi wa Likoni, aliyenifunza kazi. Nilifika kwake kutoka Rabai nikidhani pasi ni chuma cha moto tu. Mzee alijaza maji kinywani, akayapuliza, yakatoka ukungu mwembamba ulioenea juu ya kitambaa chote. Nami nikajaza, nikapuliza, yakatua yote mahali pamoja na shati la mwalimu likapata ziwa. Mzee akalitazama lile shati, akanitazama mimi, akasema, "Haya, sasa tafuta samaki."

Alinifunza mengi. Usiipepee pasi karibu na nguo nyeupe, maana jivu litaruka. Suti ya sufu usiipige kavu, weka juu yake kitambaa kibichi na usisugue, bonyeza tu na uinue. Kanji ya muhogo ichujwe mara mbili, na iwe nyepesi kama maziwa yaliyotiwa maji. Hili la mwisho nilikuja kulipuuza mara moja, kwa suruali ya kiongozi wa kwaya. Ilipokauka niliisimamisha sakafuni ikasimama wima, haina mtu ndani. Jirani yangu aliyekuja kuomba moto aliipa salamu.

Na alinifunza alama. Nyinyi mna karatasi zenye namba, sisi tulikuwa na uzi na sindano. Ndani ya ukosi wa kila nguo, pale pasipoonekana, dobi alishona alama mbili ndogo: ya kwanza yake mwenyewe, ya pili ya mwenye nguo. Alama ya Mzee Shee ilikuwa mishono mitatu ya buluu, kama wayo wa kuku. Yangu ilikuwa msalaba mwekundu. Za wateja tulizitunga sisi, na tulizijua kwa kichwa kuliko majina yao. Mtu akinipita njiani nilikuwa siwazi kwamba huyu ni fulani bin fulani, nilikuwa nawaza, pembe tatu na mkia.

Siku aliponiruhusu nikafungue kibanda changu Changamwe, Mzee Shee aliniwekea ile pasi mikononi, lakini hakuiachia. Tukabaki tumeishika sote wawili.

"Nguo ya mtu ni mwili wake, mwanangu," akaniambia. "Kauacha kwako umtunzie. Siku utakayovaa nguo ya mteja, hata kwa kujaribu tu, nirejeshee pasi yangu, urudi kwenu ukalime. Wanisikia?"

"Nakusikia, mzee."

"Sema wallahi."

Mimi ni mtu wa kanisa, lakini nilisema wallahi. Ndipo akaiachia.

Sasa njooni Changamwe. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimekwisha na vijana walikuwa wamerudi kutoka Bama, wengine wamejifunza tarumbeta na saksafoni jeshini. Karibu na landhi, zile nyumba za safu za watu wa reli, palifunguliwa Klabu ya Tausi, nyumba ya mabati yenye sakafu ya saruji iliyosuguliwa ikang'aa. Kila Jumamosi, kuanzia saa kumi na mbili ya jioni, bendi ya Tausi Jazi ilipiga humo mpaka saa nne. Kibanda changu kilikuwa ng'ambo ya barabara. Ijumaa na Jumamosi nilinyoosha suti za watu wote waliokwenda kucheza, jioni nikawatazama wakiingia, mistari yangu ya pasi ikitembea mbele yangu, kisha mlango unafungwa nami nabaki nje na jivu langu. Mlangoni palikuwa na sheria moja: huna koti na tai, huingii. Mimi niliyevalisha klabu nzima sikuwa na koti.

Mke wangu Kadzo ndiye aliyechoka kwanza. Tulikuwa tumeoana mwaka huo. Alikuwa ameshona gauni la maua, na kila Jumamosi alilivaa akasikilizia muziki dirishani.

"Hili gauni litazeeka bila kuona watu," akaniambia. "Jefwa we, suti hizo kumi na tisa zinaning'inia hapo, hakuna hata moja inayokuenea?"

Ilikuwapo moja. Ndilo tatizo. Ilikuwa ya Karani Mwakio, Mtaita mmoja wa ofisi ya mizigo, mtu mpole, mrefu kama mimi, mabega kama yangu. Suti ya sufu ya kijivu, yenye mstari mwembamba mweupe, na bitana ya ndani inateleza kama maji. Nilikuwa nimeipiga pasi mara nyingi na kila mara nilikuwa naisifu kwa sauti, peke yangu kibandani.

Mwakio alikuja Ijumaa kuichukua. Ilikuwa tayari. Ilikuwa inaning'inia nyuma yangu, imefunikwa shuka. Nikafungua kinywa kumwambia karibu bwana, kikatoka kitu kingine.

"Haijakauka, bwana karani. Unyevu huu wa pwani. Njoo Jumatatu."

"Na dansi la kesho?"

"Ukiivaa mbichi itapoteza umbo."

Akasikitika, maskini. Akasema basi atakaa nyumbani. Alipoondoka Kadzo akachungulia kutoka uani na macho yake yanacheka, nami nikaona aibu na furaha vikinipanda pamoja, na furaha ikafika juu kwanza.

Jumamosi nikaivaa. Nawaambia ukweli, wanangu: nilipoingiza mkono kwenye ile bitana niliisifu tena kwa sauti. Nilimkumbuka Mzee Shee na nikaigeuza pasi ukutani ili yule jogoo asinitazame. Kisha tukavuka barabara. Bawabu, ambaye nilimnyooshea sare yake asubuhi ile ile, alinipa mkono na kuniita bwana; bila jivu usoni hakunitambua, wala hakuna mwingine aliyenitambua.

Nitawaelezaje ule muziki? Kule nje nilikuwa nausikia kwa mbali. Ndani uliniingia miguuni kupitia sakafu. Karabai nne zilining'inia darini zikivuma. Mpiga saksafoni, mtu mwembamba wa Kisauni, alifumba macho na kuinama nyuma mpaka nikahofia ataanguka. Mpiga ngoma alikuwa anacheka peke yake. Besi kubwa la kusimama lilikuwa linapiga palepale chini ya moyo, na tarumbeta likajibizana na saksafoni kama majirani wawili wanaogombana huku wanapendana. Walianza na fokstroti, na kabla sijajua Kadzo alikuwa amenishika tai na kunivuta katikati.

Nilikuwa na hofu moja: jasho. Sufu ikinywa jasho la kwapa, harufu haitoki kwa wiki nzima, na Jumatatu Mwakio angejua. Basi nikacheza viwiko nje, mikono nimeitenga na mbavu, mgongo wima usije ukakunja koti, na kila baada ya hatua nne nasimama kidogo na kuvuta suruali juu ya goti nisiharibu mstari wa pasi. Nilikuwa naokoa nguo ya watu, basi. Lakini kijana mmoja pembeni akanitazama, naye akatoa viwiko. Halafu mwingine akavuta suruali. Wimbo wa tatu ulipokuwa unaisha, nusu ya wanaume wa Changamwe walikuwa wametanua viwiko na kuvuta magoti, wanasema ni mtindo mpya kutoka Dar es Salaam. Kadzo alicheka mpaka akaniegemea begani, nami nikamwambia asiniegemee, atanikunja.

Ndipo mkono ukanishika bega.

Nikageuka. Karani Mwakio. Alikuwa amevaa suti nyeusi iliyompwaya, ambayo sikuwa nimepata kumwona nayo. Akanivuta mpaka barazani, bendi inapumzika.

"Unyevu wa pwani," akasema.

"Bwana karani..."

"Haijakauka, sivyo? Ndiyo unaikausha kwa kuicheza?"

Nilitaka ardhi ipasuke. Nikamwomba radhi kwa kila namna ninayoijua, kwa Kiswahili na kwa Kirabai. Akanisikiliza, akasema Jumatatu atasimama langoni pa landhi na kumwambia kila mtu, na hakuna shati hata moja litakaloingia tena kibandani kwangu. Nami nilijua habari hiyo ingevuka maji mpaka Likoni kabla ya kupikwa chakula cha mchana, na kwamba pasi imekwenda.

Sasa, wanangu, mkono wa dobi una tabia yake. Nikiwa pale ninalaumiwa, nikaona ukosi wake umejikunja upande mmoja, na mkono wangu ukapanda wenyewe kuunyoosha. Nikaugeuza kidogo. Chini ya mwanga wa karabai nikaona mishono mitatu ya buluu. Pembeni yake, duara lenye nukta katikati.

Duara lile nililishona mimi mwenyewe, nikiwa bado Likoni.

"Bwana karani," nikasema pole pole, "hii suti umeipata wapi?"

Hasira yake ikashuka kama maziwa yaliyoepuliwa motoni. Akasema alisikitika sana kukosa dansi, Jumamosi asubuhi akaenda Likoni kwa mzee mmoja dobi, akamlilia, na yule mzee akamhurumia, akamwazima suti ya mteja kwa siku moja. Mwenyewe hatajua, eti. Ana nyingine nyeupe.

"Anayo," nikasema. "Ameivaa leo. Ni yule pale."

Tukatazama sote wawili ndani. Duara lenye nukta alikuwa amesimama jukwaani, mnene, suti nyeupe, ua kifuani: Bwana Chengo, nyapara wa wapakizi wa mizigo na mwenyekiti wa Klabu ya Tausi. Mwakio akakaa juu ya ngazi ya baraza. Nami nikakaa karibu naye. Mzee Shee! Yule aliyeniapisha wallahi! Kicheko kilinianza tumboni, nikakizuia, kikamwingia karani, na wote wawili tukawa tunatikisika pale barazani huku tumeziba vinywa, watu wakidhani tumelewa. Tulikubaliana bila kuapa: wewe hujaniona, na mimi sijakuona. Nilikuwa nimeokoka.

Ingekuwa imekwisha hapo kama si shindano.

Bwana Chengo alipandisha mkono, ngoma ikapigwa, akatangaza kwamba jioni ile klabu itamtuza mtanashati, na tuzo ni kioo cha ukutani chenye fremu ya mninga. Akazunguka ukumbini huku anatupima mmoja mmoja. Mwakio akajificha nyuma ya nguzo. Mimi nilijificha nyuma ya Kadzo, lakini Kadzo ni mfupi. Mwenyekiti akasimama mbele yangu, akaninyanyua mkono, akanipandisha jukwaani.

"Mtazameni huyu!" akasema. "Amecheza kutoka mwanzo, na mtazameni suruali. Mstari huu unaweza kukata mkate. Kijana, suti yako nzuri, lakini nitawaambia kinachonishangaza mimi. Ni pasi. Pasi ya namna hii hapa Changamwe hakuna. Hapa tuna dobi mmoja tu, na huyo hajafika daraja hili. Hii ni kazi ya Mzee Shee wa Likoni. Mpigieni makofi Mzee Shee!"

Ukumbi ukapiga makofi. Nyinyi mngefanyaje? Nilikuwa salama. Mwakio asingeweza kunitaja bila kujitaja. Nilikuwa na haja ya kusema asante tu, nichukue kioo, niende nyumbani na mke wangu, na Jumatatu maisha yaendelee. Lakini makofi yale yaliniuma, wanangu, yaliniuma kuliko lawama za karani. Suti ile niliikeshea. Kitambaa kibichi nilikikamua mara sita. Na sasa makofi yanavuka feri kwenda Likoni!

"Hapana!" nikasikia sauti yangu. "Hiyo ni pasi yangu!"

Mwenyekiti akageuka. "Umejinyooshea mwenyewe suti yako?"

"Suti si yangu, bwana mwenyekiti. Pasi ndiyo yangu."

Mvumo wa karabai ukasikika. Nikavua tai nisijue kwa nini. Nikasema mimi ndiye dobi wa ng'ambo ya barabara, yule ambaye hajafika daraja, na suti hii nimeivaa bila ruhusa ya mwenyewe, nikamdanganya kwamba haijakauka. Zile nyuso zote zilizokuwa zinanichekea zikaanza kubadilika. Kila mtu alikuwa anajikumbuka: je, yangu aliivaa lini?

"Ni ya nani?" akauliza Bwana Chengo, na sasa hakuwa anatabasamu.

Hilo sikuwa na haki ya kulisema. Lakini nyuma ya nguzo akatoka Mwakio, akaja mpaka mbele ya jukwaa.

"Ni yangu," akasema. "Nimemsamehe."

"Na wewe leo umevaa ya..." Mwenyekiti akakoma. Akainama. Akashika mkono wa koti la Mwakio na kuusogeza kwenye mwanga. Kifungo kimoja kilikuwa kimeshonwa kwa uzi wa kijani. "Uzi huu," akasema taratibu, "ni wa mke wangu."

Nilifumba macho. Niliposikia sauti, ilikuwa ya Kadzo. Alikuwa amejipenyeza mpaka mbele na gauni lake la maua.

"Baba mwenyekiti, shikamoo. Nakuomba msipigane. Mkishikana mashati hizo nguo zote zitajikunja, na kazi ya kuzinyoosha itakuwa ya mume wangu."

Nani alianza kucheka sijui. Nadhani mpiga ngoma. Kilipita ukumbini kote kicheko kile, wanawake wakashikana mabega, bawabu akaketi chini, na Bwana Chengo mwenyewe akashika tumbo lake juu ya suti yake nyeupe na kulia machozi. Mpiga saksafoni hakungoja kuambiwa. Akaingia na wimbo wa mbio kuliko zote, na mwenyekiti akamchukua Kadzo kwa mkono, akacheza viwiko nje.

Kioo nilipewa. Lakini Jumapili nzima sikula, maana furaha ya Jumamosi huwa inaisha asubuhi. Jumatatu wateja watatu walikuja kuchukua nguo zao bila kunisalimia. Nikaifunga pasi ndani ya kanga, nikapanda basi hadi mjini, nikavuka feri mpaka Likoni.

Mzee Shee alikuwa ameketi mlangoni. Nikamwamkia shikamoo, nikaweka pasi mbele ya miguu yake, nikakaa chini.

"Nimevaa nguo ya mteja, mzee."

"Nishasikia." Akaitazama pasi. "Chengo alikuja jana kunichukulia nguo zake zote. Akanambia wewe wajisema mbele ya watu, mimi naazima watu kwa siri." Akakohoa. "Kijana yule alilia, Jefwa. Sikuweza. Hii ni mara ya... basi, si mara ya kwanza."

Kabla ya siku ile sikuwa nimepata kumwona Mzee Shee akiinamisha kichwa. Nilitaka kumshika mkono lakini niliona haya. Mwishowe akaisukuma ile pasi kwa mguu, ikarudi kwangu.

"Chukua. Kiapo kile nilimwapisha mtu kwa jambo ninalolitenda mwenyewe. Hakishiki. Nenda kafanye kazi."

Niliporudi Changamwe nilimkuta Bwana Chengo kibandani, suti mbili mkononi, nyeusi na nyeupe. Akazibwaga mezani.

"Shona alama yako," akasema. "Na nikikuona umezivaa, nakuua."

Wale wateja watatu walirudi mmoja mmoja, wa mwisho baada ya miezi miwili. Karani Mwakio alikuja jioni ile ile ya Jumatatu. Aliivaa suti yake mbele ya kile kioo, akajigeuza huku na huku. Nilidhani anatafuta doa. Akatoa viwiko nje.

"Nionyeshe," akasema. "Hii suti ninayo miaka mitatu, na haijawahi kucheza vile nikiwa mimi ndani."

Nikamwonyesha hapo hapo, kati ya meza na ndoo ya kanji, mpaka mkaa ukazima.

Mwaka uliofuata nilishona koti langu la kwanza, la drili nyeupe, la kwangu mwenyewe. Nilipomaliza kulinyoosha nikachukua sindano, nikageuza ukosi, nikashona msalaba mwekundu wa dobi. Halafu nikakwama. Nilikuwa nimetunga alama za watu wote wa Changamwe na sikuwa nimewahi kuhitaji yangu. Kadzo akanichukulia sindano, akashona mistari miwili mifupi iliyotanuka, viwiko vya mtu anayecheza. Koti lenyewe lililiwa na nondo zamani, lakini ukosi niliukata nikauweka. Upo humu kwenye sanduku, pamoja na pasi.